Mizani ya Wodi Tatu

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, hospitali yetu ya Kampala ilikuwa na mizani moja tu ya watoto wachanga. Madaktari watatu waliitegemea kwa utafiti wao: wa uzazi, wa watoto na wa upasuaji. Mimi, muuguzi, ndiye niliyeibeba wodi hadi wodi huku nikinung'unika.

Siku moja, baada ya kupanga foleni asubuhi nzima, nilipata sukari, pakiti ya kilo moja ambayo haijafunguliwa. Kwa furaha nikaiweka juu ya mizani. Ikasoma kilo moja na gramu mia mbili. Nikaduwaa. Siku zile hakuna mtu Kampala aliyekuongezea sukari hata kijiko. Mizani ilikuwa inadanganya.

Madaktari walishika vichwa, wakaanza kulaumiana. Kila mmoja aliona utafiti wake umeenda na maji. Kuwaambia akina mama wakaniachia mimi, nami nikafura kwa hasira.

Wa kwanza alikuwa mama wa Kinubi kutoka Kyebando, ambaye mwanawe nilimpima mwezi uliopita na tena wiki hii, nikamsifia kwa kuongezeka uzito. Nikamweleza kwa sauti ya chini.

"Sista, mwezi uliopita hiyo mizani ilikuwa nzima?"

"Hapana, mama. Haijaguswa na fundi mwaka mzima."

"Basi imedanganya mara mbili, uongo ule ule. Mwanangu ameongezeka."

Nikamshika mkono, nikampeleka kwa madaktari wote watatu, nikamwomba arudie. Kisha nikafungua ile pakiti, nikamkorogea chai. Sukari nilimwaga bila kupima.