Manispaa ni Nyinyi

Ukitaka kumwudhi Ramula, mtajie manispaa. Zamani neno hilo lilikuwa tamu kinywani mwake. Mumewe, Marjan, alizibua mitaro ya Jinja mpaka kifua kikamwua. Nyumba yao ya Walukuba ilikuwa ya manispaa, bomba la manispaa, hata sanda, jamani, manispaa ilichangia. "Manispaa haimtupi mtu wake," Marjan alikuwa akisema, na Ramula aliamini.

Arobaini ilipopita tu, akaambiwa nyumba ni za wafanyakazi, si za wajane. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, na uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa umekaribia. Jirani yake Gorreti, mgombea, alimwambia, "Dada, sina ahadi. Nitakwenda kupigana nao tu." Mpinzani wake, Romano, mwenye koti na maneno ya asali, akasema, "Manispaa ni nani? Manispaa ni nyinyi! Mama, nyumba hiyo hutoki."

Siku ya uchaguzi watu walipanga foleni uwanjani, kila mmoja nyuma ya amtakaye, hadharani. Ramula akaenda kusimama nyuma ya Romano. Gorreti alimtazama. Lo! Foleni yake ilikuwa fupi, mpaka unamwonea huruma.

Mwezi haujaisha, Ramula akaletewa amri ya kuhama. Akamkimbilia Romano.

"Mama, mimi nifanyeje? Manispaa imeamua."

"Si ulisema manispaa ni sisi?"

"Hayo yalikuwa ya uwanjani," akajibu, akafunga mlango.

Kwa Gorreti alifika mpaka kizingitini, mkono ukakataa kubisha. Angeanzaje, naye alimpa mgongo mchana kweupe? Aibu ikamrudisha nyumbani kufunga mizigo. Na siku ya kuhama, nani alimbebea godoro? Gorreti huyohuyo.

"Ungebisha tu, dada," alimwambia. "Ningekwenda." Ramula alilia mpaka gari likaondoka.

Sasa yuko Mbale, mtaa wa Malukhu, kwa mdogo wake Shamira, analala sebuleni. Juzi uchaguzi ulirudi, na mgombea mmoja akapita akinguruma, "Manispaa ni nyinyi!" Wanawake wakapiga vigelegele. Shamira akamshika mkono dada yake, twende tukapange foleni.

Ramula akauchomoa mkono, akaokota kigoda chake.

"Nendeni nyinyi," akasema. "Mimi hapa mgeni tu."