Sufuria ya Maji na Mkono wa Shemeji

Makosa ni yangu. Naanza hapo usije ukanihurumia katikati ya habari. Mimi ndiye niliyemvunja mkono ndugu ya mke wangu, mkono wa kulia, kwa chuma cha kuwashia gari, na hakuwa amenikosea kitu. Jina sitaandika. Watu wa kwetu Wamagana wakisoma watanijua tu, na wacha wanijue.

Niko na hasira. Sisemi nilikuwa nayo, niko nayo hata leo, ila siku hizi nikiisikia inapanda naondoka mahali nilipo. Zamani mkono ulinitoka kabla ya neno. Nilipiga ng'ombe, nilipiga vibarua, na mke wangu, Mama Wangari, nilimpiga pia, nikiona hiyo ndiyo kazi ya mwenye boma. Nisamehe nikisema wazi, lakini ungamo la nusu ni la nini?

Sasa, hiyo gari. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na Mzungu mmoja wa upande wa Kiganjo alikuwa anauza vitu arudi kwao. Nikanunua pikapu yake kuukuu kwa pesa ya kahawa. Kwetu wenye gari walikuwa wachache sana. Nikawa nabeba kabeji na viazi vya majirani kupeleka soko la Karatina, na mtu akioza binti, mimi ndiye naitwa kubeba wazee. Nikajiona mtu!

Lakini kila asubuhi hiyo gari ilikuwa inanitesa. Unajua baridi yetu ya mwezi wa saba, ukungu unashuka kutoka msituni na kulala juu ya mashamba mpaka jua likolee. Injini ikiwaka inatetemeka mwili wote, silinda moja inashika, nyingine inaruka, eksozi inapiga kama bunduki. Mafundi wanasema gari inamisi. Ukikanyaga mafuta inataka kuzima. Halafu ukishateremka mpaka karibu na Ruring'u, injini imepata moto, inatulia, unadhani ni gari nyingine.

Hiyo ndiyo ilinitia wazimu. Kariuki, ndugu ya mke wangu, alikuwa na gereji ya mabati hapo Ruring'u, na kila nikimpelekea gari ilifika ikiwa nzima. Alibadilisha plagi. Akasafisha kabureta, akaweka waya mpya za plagi, akafungua hiki na kile. Anawasha, anasikiliza, anatikisa kichwa. Akaniambia ugonjwa wa asubuhi hauwezi kuonekana mchana, niiache ilale kwake aione ikiwa baridi. Nikakataa.

Nilikataa kwa sababu ya mzaha. Siku moja tukinywa chai kwao alikuwa amenitania, ati gari ikinishinda nimletee yeye, atafugia kuku ndani yake. Watu walicheka na mimi nikacheka. Kumbe neno lile nililimeza likakaa tumboni. Nikaanza kuwaza: huyu anaitaka gari yangu. Anaiharibu pole pole ili nichoke, nimuuzie bei ya kutupa.

Shemeji yangu jamani! Kwetu Wagikuyu, muthoni, yaani mkwe au shemeji, hata sauti humpandishii. Mkikosana unatafuta mzee aingie kati yenu, unapeleka mbuzi, yanaisha. Mimi nikakaa na yangu kimya, nikimwangalia kama mwizi.

Basi ikafika siku moja. Mama Wangari alichemsha maji kama kila asubuhi, sufuria kubwa, kabla hata ya uji. Nikafungua boneti nikamwagia injini yote ipate joto. Kwetu kila mwenye gari alifanya hivyo. Tulifundishwa na dereva wa lori la maziwa, na ukishazoea hata hukumbuki kama umefanya, ni kama kunawa uso. Nikapakia kabeji, nikawasha, nikaanza kupanda mlima wa kutoka kwetu.

Ikamisi vibaya. Ikapiga eksozi, ikazima, ikarudi nyuma na kuingia mtaroni, kabeji zikamwagika zikaviringika mpaka chini. Waliokuja kusukuma walikuwa wanacheka. Nikaokota jiwe nikavunja taa ya gari yangu mwenyewe. Kibarua mmoja alizidisha kicheko, nikampiga ngumi ya mdomo akatema damu. Hapo ndipo kicheko kilikwisha.

Walipofaulu kuitoa, jua lilikuwa limewaka na gari ikaenda bila neno. Nikaipeleka moja kwa moja Ruring'u, nikamrushia Kariuki funguo kifuani. Nikamwambia ilale basi, tuone.

Kesho yake tukashuka kwa miguu mimi na Mama Wangari. Yeye alikuwa amebeba ndizi na maziwa, kwa sababu mke wa Kariuki alikuwa amejifungua. Tulimkuta Kariuki ameshika hendeli, kile chuma cha kuwashia gari kwa mkono, na kioo cha mbele bado kilikuwa cheupe kwa baridi. Hakuwa ameigusa tangu jioni. Akavuta choki, ile ya kuongezea injini baridi mafuta, akaenda mbele, akazungusha. Injini ikawaka, ikakohoa kidogo, ikatulia. Hakuna kutetemeka, hakuna baruti.

"Kwangu haimisi," akasema, akiweka hendeli juu ya bati la kufunika tairi. "Shemeji, asubuhi huko kwako huwa unaifanyia nini?"

Aliuliza kama fundi. Lakini mimi nilisikia kicheko cha wale wa mtaroni. Nilisikia kuku wake. Mafundi wa jirani walikuwa wamegeuka kutuangalia.

Mama Wangari akafungua mdomo. "Huwa tunachem..." Sikumwacha amalize. Nilimpiga kofi la nguvu zote, kibuyu cha maziwa kikapasuka miguuni pake, naye akakaa chini kama mtu aliyekatwa miguu.

Kariuki akaja katikati yetu. Hakunigusa. Alisema kwa sauti ya chini, "Usimpige dada yangu mbele yangu."

Nikachukua ile hendeli.

Aliinua mkono wa kulia kukinga uso, na chuma kikampata kwenye kifundo cha mkono, pale karibu na kiganja. Mlio ule bado naujua. Ningeishia hapo, leo ningekuambia ni hasira tu. Sikuishia hapo. Alianguka kwenye changarawe, nikampiga tena akiwa chini, na tena, mkono uleule, nikijua vizuri ndio anaoshikia spana. Ndani ya nyumba yao, nyuma ya gereji, mtoto mchanga alikuwa analia.

Mafundi walinirukia wakanipiga mateke mpaka nikatema jino. Sikuwalaumu hata siku hiyo. Nilipopata nafasi nikaingia kwenye gari, bado ilikuwa inanguruma, nikaitupa hendeli na damu yake kando yangu nikakimbia. Ilinipeleka mpaka nyumbani kwenye baridi ile bila kumisi hata mara moja, na mimi sikuuliza kwa nini.

Mke wangu hakurudi. Baba yake alikuja na wazee wawili, wakachukua watoto na nguo zao, hakuna aliyenipa salamu. Polisi hawakuitwa. Wazee walisema hawataki kunisikia hata mahakamani. Mkono wa Kariuki ulifungwa plasta hospitalini, lakini mifupa ilishika vibaya na vidole havikukunjika tena. Fundi mwingine alichukua zile kazi zake. Na pale kwetu, mtu akioza binti, alitafuta gari mbali.

Sasa sikiliza hii, ndiyo inayoniua.

Nilikuwa peke yangu kwenye boma. Moto sikujua kuutunza, asubuhi nilikuta majivu matupu, na kuni zimelowa. Hakuna wa kuchemsha maji. Nikavuta choki, nikazungusha hendeli hiyohiyo kwenye injini baridi ya barafu. Ikakohoa, ikatulia. Nikapanda ule mlima kama mchana.

Nikadhani ni bahati. Siku iliyofuata, hivyohivyo. Wiki nzima hivyohivyo. Ndipo nikakumbuka ile sufuria ya maji. Nikawasha moto mwenyewe, macho yakitoka machozi ya moshi, nikachemsha sufuria kubwa, nikamwagia injini yote kama zamani. Nikawasha. Ikatetemeka mwili wote, eksozi ikapiga kama bunduki!

Nikazima, nikafungua kifuniko cha distribyuta, kile kinachogawa moto kwa plagi. Ndani kulikuwa na matone ya maji. Ngai wangu! Ndiyo maana ilikuwa inapona njiani, ilikuwa inajikausha. Nilikuwa nailowesha mwenyewe kila siku ya Mungu, halafu nashuka mlima kumtafuta mchawi. Nilipiga kichwa changu kwenye boneti mpaka nikaona giza.

Nilienda kwao, kwa kina Kariuki, bila mzee wa kuniongoza. Nilipiga magoti nje ya mlango nikasema yote, na sufuria, na matone. Kariuki alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkono ameulaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ulikuwa unamwaga upande wa kabureta ama wa plagi?"

Nikamwambia kote. Akatikisa kichwa pole pole, kama alivyofanya kila nikimletea gari. "Ungeniambia," akasema, akainuka akaingia ndani.

Nikabaki na Mama Wangari, aliyekuwa amesimama mlangoni. Nilimwomba arudi. Niliapa kila kitu mtu anaweza kuapa. Hakulia, wala hakunitukana.

"Siku ile nilikuwa naanza kusema maji," akaniambia. "Ukanipiga."

Akafunga mlango.

Kwa hivyo wewe unayesoma, na hasa wewe ambaye mkono wako ni mwepesi kama wangu: gari ikikusumbua asubuhi, usitafute adui kabla ya kuangalia unachoifanyia mwenyewe. Fundi akikuuliza, mjibu, hata kama ni jambo dogo la kila siku. Na mkeo akifungua mdomo, ngoja amalize. Mimi sikungoja. Sasa kila asubuhi nawasha gari peke yangu, na inawaka vizuri.