Weye Ulitaka Foto

Kwetu mzazi hafi kimyakimya. Akijiona anaondoka, anaita watoto wake kitandani, anampa kila mmoja neno lake, na neno hilo linakufuata mpaka kaburini. Baba alifanya hivyo kule Kiwanja, sauti ikiwa imebaki kidogo sana. Mpaka leo, mtu wa ukoo wetu akifilisika au ndoa ikimvunjikia, swali la kwanza ni hilo: mzazi wake alimwachia neno gani?

Mama alikuwa muuza maharagwe wa soko la Birere, na ulimi wake ulijulikana kuliko maharagwe yake. Mteja aliyechagua sana aliambiwa arudi nyumbani akamchambue mume wake. Tulimpenda kwa kumwogopa. Alipoanza kuburuta miguu, na kukwama katikati ya maneno akitafuta neno alilokuwa nalo jana, kaka yangu mkubwa alisema ni uzee tu. Dada yangu mdogo alisema tusali. Mimi nikasema mficha maradhi kifo humuumbua, nikampakia mama kwenye teksi, nikampeleka kwenye skaneri, ile mashine inayopiga picha ya ndani ya kichwa.

Daktari alikuwa kijana mpole, na upole wake ulinikera. Aliiweka picha kwenye taa, akatuonyesha vivuli pande zote mbili za ubongo. Presha ya miaka mingi ilikuwa imeharibu mishipa midogo.

"Mama, ni kama maji ya kartie, ya mutaa," alisema. "Tiyo kubwa, bomba ya barabara, iko muzuri. Ni zile ndogo njo zilizibana, nyumba za mwisho hazipate maji."

Angeishia hapo. Mimi ndiye niliyemuuliza mbele itakuwaje. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akasema mtu mwenye vivuli vingi namna ile, mara nyingi mwendo humwacha kwanza, kisha kupanga mambo, kisha kumbukumbu. Ni lini, hakuweza kusema. Dawa zingechelewesha, zisingerudisha kilichokwisha kuharibika.

Njia nzima mama alitazama nje ya dirisha la teksi. Mimi, mjinga, nikadhani amekubali.

Jumapili iliyofuata alituita wote nyumbani kwake Ndosho. Hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kwenye kiti, amevaa kitenge chake cha harusi, mzima kabisa, amekasirika.

"Batoto yangu," alisema, "muganga anasema akili itaniacha mbele ya kufa. Siku ya kufa sitajua neno ya kusema. Basi minasema leo, kichwa ingali yangu."

Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuaga kwa sababu ya picha, lakini nani angembishia? Kaka alipiga magoti. Mama akaweka mkono kichwani pake: "Simama fasi ya baba yako. Fasi utapanda, itaota." Dada naye akapiga magoti: "Mulango yako isikose mugeni." Kisha mimi. Nikainama, nikangoja mkono. Haukuja.

"Weye ulitaka foto," alisema. "Foto uliipata. Sina kingine."

Akaomba chai.

Nilijiambia muda bado upo, atalainika. Nikahamia kwake. Nilimpa dawa zake, nikampikia bila chumvi, chakula alichokiita chakula cha mbuzi. Kila nilipoona anacheka, nilimwomba neno langu. Siku moja alinijibu bila hata kupandisha sauti: "Ningali na akili, njo maana sikupe."

Basi nikawa nashindana na ile picha, na picha ikawa inashinda. Yule daktari mpole hakukosea hata kidogo, na simsamehe kwa hilo. Miguu ilimwacha kwanza. Kisha, yeye muuza maharagwe, akabandika maharagwe motoni bila maji, akakaa akiyatazama yanaungua. Kisha akaanza kusahau watu. Nilitamani kwamba, katika yote yaliyokuwa yanatoka, hasira yake kwangu nayo itoke.

Mwaka huu ilitoka. Nilikuwa namwosha miguu, nikahisi mkono kichwani. "Mutoto yangu," alisema, "fasi utapita, njia ifunguke. Mungu akulindie." Nililia mpaka maji yakapoa kwenye beseni. Nikawapigia simu kaka na dada.

Laiti ningeishia hapo, lakini mimi huwa siishii. Kesho yake muuza makaa alitua gunia mlangoni, mama akamwita, akamwekea mkono kichwani na kumpa maneno yaleyale, moja baada ya jingine. Mwanaume wa watu alishukuru, akaenda zake na baraka yangu.

Jumapili kaka na dada walikuja, wakanikuta kwenye beseni tena, nikimwosha mama miguu. Niliwaambia yote, hata ya muuza makaa, maana dada alikwisha kuyasikia kwa majirani. Kaka alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaishusha ile picha ya skaneri kutoka juu ya kabati, ilikokaa tangu siku ile, akaielekeza dirishani, akagusa vile vivuli kwa kidole.

"Ni mama njo alisema, ao ni hii?" aliniuliza. Neno la mzazi ni lile alilotoa akiwa na akili timamu, alisema, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nilikasirika. Nikamwambia amwangalie mwenyewe, kama mama hajui anayembariki. Nikamgeukia mama, mguu wake mmoja ungali mikononi mwangu.

"Mama, mi ni nani?"

Alinitazama. Uso wake ukakaza kidogo, ule uso wa Birere ambao sikuwa nimeuona siku nyingi.

"Ni weye ulitaka foto," alisema.

Kaka aliirudisha picha juu ya kabati, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi yake.

"Unaona," alisema. "Leo mama iko na akili."

Maji yalikuwa yamepoa. Nikaenda kuchemsha mengine, kwa sababu mguu wa pili ulikuwa bado.