Dawa Iliacha Mahindi, Ikaua Maharage Yangu

Admin, nifiche jina, maana huku Gikundamvura tunajuana hadi kwa kandambili. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, nina watoto watatu. Nilikulia Bukavu, nikaolewa huku. Mume wangu anafanya kazi Kamembe, anarudi mwisho wa wiki. Shamba nalima mimi, mahindi na maharage pamoja, kama wanawake wengi wa huku.

Msimu huu magugu yalinizidi. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye tangu zamani analimezea mate shamba hilo, akaja na pampu mgongoni. Ghafla ana huruma!

"Shemeji, usijichokeshe na jembe. Hii dawa iko inachagua. Inauwa majani mapana tu, mahindi inaacha."

Nikakubali, mjinga mimi. Lakini sikilizeni. Asubuhi hiyo, kabla hajapuliza, mke wake alikuja kuchuma majani ya maharage ya mboga, akajaza kikapu hadi akashindilia. Mume wangu naye akapiga simu: "Umechuma mboga ya kutosha?" Tangu anioe hajawahi kuniuliza habari za mboga. Nikadhani ni mapenzi.

Siku chache baadaye maharage yote yalijikunja, yakakauka. Mahindi yako kijani, yamesimama kama yananicheka. Nilikaa chini katikati ya shamba nikalia. Shemeji anasema alikosea. Alikosea vipi, wakati penye maharage yake mwenyewe alipalilia kwa jembe?

Mume wangu hakukasirika hata kidogo. "Shamba hili linakutesa," alisema. "Tumuachie mdogo wangu, twende Kamembe." Shamba liko kwa majina yetu sote wawili. Bila sahihi yangu haliendi popote, na siku zote nimekataa.

Jana nikaenda kwa muuza dawa za kilimo aliyemuuzia, nikamuuliza kama shemeji alijua itaua maharage.

"Maman, maharage nayo iko na majani mapana. Nilibaelezea muzuri, bote babili."

"Wawili? Mwingine nani?"

"Si kaka yake, ule wa Kamembe?"

Nilirudi nyumbani. Kesho mume wangu anarudi, na amesema twende wote tukasaini shamba liende kwa mdogo wake. Nimuulize usoni, au ninyamaze nione mwisho wao? Nishaurini jamani, maana mtu niliyekuwa namsubiri aje anitetee, ndiye aliyewapa ruhusa.