Uzito wa Mapambo ya Fundi Suud

Tangu keezo lake liliponyamaza, Fundi Suud wa Tibirinzi hakuweza kukaa kitako hata kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa. Alikaza bawaba za milango isiyolegea. Alizipanga patasi zake kwa urefu, kisha akazipanga upya kwa upana. Alitoka uani kufuata kitu, akafika, akasahau alichokifuata, akarudi. Mkewe, Bi Tamima, alimvumilia miezi kadhaa, na mwishowe akamwambia, "Weye umekuwa kuku anayetafuta pa kutaga. Tafuta basi utage, tupumzike."

Suud alikuwa mkereza, fundi wa kuchonga mbao inayozungushwa na mashine, na mashine yenyewe ndiyo hilo keezo. Kwa miaka arubaini alikereza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na vichwa vya mikongojo. Babu zake walikuwa na mashamba ya karafuu. Yeye alibakiwa na eka moja, pamoja na ufundi aliofundishwa na Mzee Abrahman, ambaye sasa ametangulia mbele ya haki. Kisha vikaja vitanda vya chuma, na wateja wakapungua mmoja mmoja, kama watu wanaoondoka matangani bila kuaga.

Kwa hiyo mwanawe Azzam alipopiga simu kutoka Unguja na kumwambia kuwa chumba chao kiko tayari, wahamie Januari, Suud alijibu kuwa hana la kumzuia. Siku ya pili yake alimpa kauli Hudhaifa, seremala wa Wete, aje kulichukua keezo Jumamosi ya pili ya Disemba. Wakashikana mikono. Kwa watu wa umri wao, kauli ikishatoka imetoka.

Zilikuwa zimebaki siku tisa kufikia Jumamosi hiyo pale Mwalimu Masika alipopiga hodi. Alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Bara, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwao, na mkononi alikuwa na karatasi yenye mchoro.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu ukae. Miye sikai, lakini weye kaa."

Alitaka mapambo ya Krismasi ishirini na nne: matufe ya mbao, kila moja kubwa kupita yai la kuku, yenye shingo nyembamba na kikulabu cha kutundikia mtini. "Ya plastiki yapo madukani," alisema, "lakini mama yangu anakuja kuniona kwa mara ya kwanza tangu nihamie huku. Nataka aone kitu cha hapa."

Suud alikuwa amekwisha kuitazama rafu ya mbao kabla Mwalimu hajamaliza. "Nitafanya," alisema.

Jioni hiyo, kwenye baraza ya msikiti, Othman muuza samaki alimwita kwa sauti ya kusikika na wote. "Fundi, tumeambiwa mwaka huu umehamia kanisani."

"Nyote mliokaa hapa nimewakerezea mikongojo," Suud alijibu akiwa amesimama, "na sijamwuliza hata mmoja anakwenda nao wapi."

Wakacheka, isipokuwa mmoja ambaye alikunja uso na kugeukia upande wa pili. Suud alimwona. Hakukaa kumsubiri aseme.

Alichagua mkarafuu uliokufia shambani mwake, mti mgumu kuliko yote aliyokuwa nayo. Mzee Abrahman alimfundisha kuwa kazi ya kukereza huamuliwa na kiganja, si jicho: mkono ukikipokea kitu ukashuka kidogo, hicho ni kitu. Mguu wa kitanda ulio mwepesi huwa umeliwa na mchwa, na tundu limezibwa kwa gundi na unga wa mbao. Kwa Suud, uzito ulikuwa amana baina ya fundi na mteja. Kwa siku tatu alikereza matufe kumi na mawili, akayapiga msasa mpaka yakang'aa bila vanishi, na kila alipolipokea moja kiganjani, mkono ulishuka. Katika siku hizo tatu alikula akiwa ameketi.

Aliyapeleka kwa Mwalimu ndani ya kikapu. Humo sebuleni alikuta ndoo ya mchanga, na ndani ya ndoo limesimikwa tawi la mvinje, ule mti wa pwani wenye majani kama nyuzi. Suud hakuwahi kuuona mti wa Krismasi. Aliposikia neno mti, alifikiri mti.

Mwalimu alitundika pambo la kwanza. Kitawi kikainama kama shingo ya mtoto anayekaripiwa. Akatundika la pili upande wa pili, na mvinje mzima ukalalia huko. La tatu halikusubiri; liliteleza, likadunda sakafuni na kujiviringisha mpaka chini ya kiti. Mwalimu Masika alicheka, kisha akajiziba mdomo.

"Ni mazuri mno, Fundi. Labda nitayapanga mezani."

Laiti angelalamika. Suud aliomba kitawi kimoja cha mvinje, akaondoka na kikapu chake.

"Si uyakombe ndani?" Bi Tamima aliuliza aliposikia kisa.

"Niyakombe? Niuze mbao tupu?"

"Mtungi nao mtupu ndani, na maji yake unakunywa kila siku."

Suud akatoka. Alitembea mpaka sokoni Chake Chake, akarudi bila kununua kitu. Kesho yake akatembea tena. Alikigongomelea kitawi cha mvinje ukutani mwa karakana, akawa anakipita na kukitazama kwa pembe ya jicho. Jumamosi ilikuwa inakuja, na kilichomsumbua zaidi ya Hudhaifa ni hofu aliyoona haya kuitaja: kuwa hata akitaka kukomba, huenda asijue.

Jumatano asubuhi alifunga mbao mpya kwenye mashine. Alikereza nusu mbili, kila moja kama kikombe kidogo, moja na mdomo na nyingine na mfuo wa kuupokea mdomo huo, ili zikigundishwa zishikane. Patasi ilitoboa ukuta wa ile ya kwanza na vipande vikaruka hadi darini. Ya pili ikapasuka, na ya tatu vilevile. Hapo ndipo alipogundua kuwa macho hayamsaidii, kwa kuwa unene wa ukuta haukuonekana. Ulisikika. Mbao ilivyozidi kuwa nyembamba, sauti ya patasi ilipanda, na ilipofika mahali fulani, ilibidi mtu aache mara moja. Alhamisi alivunja moja tu. Ijumaa, kabla ya adhana, yalikuwepo mapambo matano mazima. Aliyapokea kiganjani moja moja, na mkono haukushuka. Alijiona kama mwizi. Hata hivyo alilitundika moja kwenye kitawi, na kitawi kikainama kidogo, kikatulia.

Hudhaifa alifika Jumamosi saa tatu na gari na wapakizi wawili.

"Asalaam aleikum. Naona maiti bado anasema."

"Waaleikum salaam," Suud alijibu, lakini hakuizima mashine mpaka sauti ilipofika pale ilipotakiwa.

Hudhaifa aliokota pambo moja. Mkono wake ulipanda juu ghafla, kwa kuwa alijiandaa kubeba kizito. Akaligonga kwa kucha.

"Tupu hili."

"Tupu."

"Na weye mwanafunzi wa Abrahman."

"Miye."

Hudhaifa aliligeuza, akapitisha ukucha kulizunguka akitafuta lilipoungwa. Hakupaona. Akapitisha tena.

"Hudhaifa," Suud alisema, "nilikupa kauli. Sijawahi kumwomba mtu anirudishie kauli yangu. Nakuomba weye."

"Kwa ajili ya vidude hivi?"

"Ninayo matano, na yamebaki kumi na tisa. Nikimaliza, sijui kama nitaletewa kazi nyingine. Huenda isiwepo. Lakini Jumatano nilivunja matatu, Alhamisi moja. Tangu jana sijavunja."

Wapakizi walitazamana. Hudhaifa alilirudisha pambo mezani polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Kauli sirudishi, yakhe. Nikarudi Wete na gari tupu niwaambie nini watu? Nakuazima tu. Mpaka Ramadhani itoke. Nikija nikalikuta limenyamaza, nalipakia bila kukuuliza."

"Limenyamaza, lipakie."

Bi Tamima alikuwa amesimama mlangoni. "Na Azzam nimwambie nini?"

"Mwambie kile chumba akipangishe. Akitaka kujua mpaka lini, mwambie na miye sijui."

Bi Tamima alikwenda kupika chai ya wageni. Wapakizi walitoka uani kuisubiri, lakini Suud hakuwafuata. Alifunga nusu nyingine, akawasha. Hudhaifa alibaki begani kwake, ameinamisha sikio, na patasi ikaingia ndani ya mbao mahali ambapo hakuna aliyeweza kuiona.

"Sasa?" aliuliza.

"Bado."

"Sasa?"

"Bado," alisema Suud, na sauti ikazidi kupanda.