Mume wangu alitaka kutoa figo, karatasi zikamkatalia

Ndugu mnaosoma ukurasa huu, jina langu naomba lisitoke. Nina miaka thelathini na nne, Mkongo wa Uvira, mjane mwenye mtoto mmoja. Nasuka nywele hapa Greyville, Durban, tangu 1997, sasa mwaka wa saba. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Mwaka jana mume wangu aliangukiwa na mzigo bandarini, akaumia kichwa vibaya. Hospitali wakamuweka kwenye mashine ya kupumulia. Siku ya pili daktari akaniambia ubongo umekufa, kinachopumua ni mashine. Nililia mpaka nikachoka. Halafu nikakumbuka maneno yake. Mwenzake wa kazini alikufa akisubiri figo, na tangu hapo alikuwa akiniambia, "Mimi nikienda, wape watu kila kinachofaa. Udongo utafanya nacho nini?"

Nikangoja waniulize. Kimya. Asubuhi ya siku ya tatu nikamfuata nesi mwenyewe. Akashangaa, akasema waliogopa kutuuliza, walidhani sisi watu wa Congo imani yetu hairuhusu. Walidhani. Siku nzima imepotea kwa kudhani.

Daktari akaja mbio na fomu, akafungua faili, iliyojazwa kutoka karatasi zake za ukimbizi: mgonjwa hana mke, ana mdogo wake. Mume wangu alitangulia kufika huku, na kwenye karatasi za ukimbizi alimwandikisha rafiki yake, nitamwita Shukuru, kama mdogo wake wa damu, ili naye akubaliwe. Mimi sikuandikwa popote, na cheti chetu cha ndoa kilibaki vitani. Siku zote hizo waliniita mke wake, sasa nikawa mgeni tu.

Shukuru akaitwa kutoka mtaa wa Sydenham. Nikamvuta pembeni, nikamwomba asaini.

"Dada, mimi siko damu yake," akasema. "Nitasaini namna gani mwili wa mtoto wa watu? Mama yake akiniuliza?"

Nikamwambia, basi waambie ukweli, nisaini mimi.

"Nikisema hivyo wananirudisha, mimi na watoto wanne."

Kisha akamgeukia daktari, akajibu kama ndugu kabisa kwamba familia imekataa. Na mimi, na mdomo wangu huu ambao saluni nzima inaujua, nikanyamaza. Niliwaza wale watoto. Mchana moyo wa mume wangu ukasimama, tukamzika na figo zake zote mbili.

Ningeliacha hapo. Lakini mwezi uliopita mwanamume wa kanisa letu alipata ajali, akalazwa wodi ileile, ubongo ukafa vilevile. Mkewe hakuulizwa kitu. Nikaenda kumuuliza yule nesi kwa nini. Akanijibu kwa upole, "Nyie Wakongo tunajua hamtaki. Hata kwa mumeo mlikataa." Eish. Mtu aliyetaka kutoa kila kitu ndiye amegeuzwa ushahidi kwamba hatutoi.

Nikienda kusema ukweli, Shukuru anapoteza karatasi, na watoto wake pamoja naye. Nikikaa kimya, mke mwingine hataulizwa, na mgonjwa mwingine atakufa akisubiri. Kila Jumapili Shukuru ananiita shemeji mbele ya kanisa zima, nami naitika. Nishaurini wenzangu, niende nikaseme, au niendelee kuitika?