Joash na Bei Iliyokataa Kupanda

Jambo la kwanza ambalo Liz Nyatichi aliliona kwa Joash Okari ni kwamba hakuweza kujibu salamu kama watu wengine. Siku ya kwanza darasani, katika chuo chao pale Homa Bay, Liz alimuuliza, "Habari yako?" Joash alifikiri kidogo, akasukuma miwani juu ya pua, akajibu, "Nzuri, mambo mengine yakibaki kama yalivyo." Liz alidhani anaigiza wanauchumi kwa mzaha. Muhula ulipokwisha alikuwa amejua kwamba Joash hakuwa na mzaha hata chembe.

Joash alizaliwa Awendo, katika nyumba iliyozungukwa na miwa, akaingia katika uchumi mpana kama wengine wanavyoingia katika dini: kwa moyo wote, na kwa kuwasumbua jamaa zake. Likizo ya kwanza alimweleza mama yake, Edith, kwamba kuku anaowafuga ni akiba iliyolala, na akiba iliyolala hupoozesha uchumi wa nchi. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtuma akawafungie hao kuku, kwa kuwa kweli walikuwa wanaenda kulala. Muhula uliofuata alifundishwa kwamba shilingi ikitumiwa huzunguka na kuzaa nyingine. Akanunulia darasa zima mandazi, akakaa kungoja shilingi zake zirudi zimenenepa. Bado anazingoja.

Liz alimpenda kwa hayo yote, ila si kiasi cha kutaka kuanguka mtihani pamoja naye. Sasa hatari hiyo ilikuwa mlangoni. Mhadhiri wao, Daktari Mirumbe, aliwapanga wanafunzi wawili wawili, na Liz akaangukia kwa Joash. Kila jozi ilitakiwa ichukue nadharia moja ya uchumi mpana na kuipima kwa tatizo halisi la watu wa Migori na Homa Bay. Jozi itakayoshindwa ingerudia somo, na anayerudia somo hawahi mahafali ya Desemba. Kwao Liz, shangazi zake walikuwa wameshashona sare.

Walichagua mfumuko wa bei. Muhula mzima walizunguka masoko ya Uriri, Awendo na Rangwe wakiuliza bei ya gorogoro ya mahindi, lile kopo la bati ambalo akina mama wanaouza nafaka hupimia. Bei ya mwanzo wa muhula ndiyo iliyokuwa bei ya mwisho wa muhula. Joash akaandika, kwa furaha isiyofichika, kwamba mfumuko wa bei haujafika pande hizi.

Daktari Mirumbe alianza kusoma hitimisho hilo akiwa amesimama. Alimaliza akiwa ameketi.

"Okari, wewe hula?"

"Nakula, Daktari."

"Na unashiba?"

"Hilo hatukuliweka kwenye utafiti, Daktari."

"Basi kaliwekeni. Alhamisi mtasimama mbele ya idara nzima. Mkija na hadithi hii tena, tutaonana mwakani."

Mchana huo Liz alikwenda katika chumba ambacho Joash alikipanga pamoja na Maroa, kijana wa kutoka karibu na mpaka, mwenye mwili wa kubeba magunia na tumbo la kuyamaliza. Alikwenda kuomboleza. Akakuta Joash amepakua ugali, na Maroa anautazama kwa masikitiko.

"Omera, ndugu yangu, huu ni ugali au kitumbua?"

"Unga umekwisha," Joash akasema.

"Umekwisha vipi? Gorogoro mbili hutufikisha Ijumaa. Leo Jumanne! Kuna mtu humu anakula unga mkavu, na si mimi."

"Bei niliyolipa ni ileile. Mambo mengine yakibaki kama yalivyo, ugali hauwezi kupungua."

"Basi uambie wenyewe. Mimi haunisikii."

Liz aliacha tonge lake hewani. "Mahindi mlinunua kwa nani?"

"Rangwe, kwa Mama Filister. Si tulimhoji pamoja?"

Hawakumaliza kula. Maroa aliwasaidia kwa hilo.

Sokoni Rangwe, Mama Filister aliwaona kwa mbali. "Karibuni, watoto wa chuo! Mmekuja kuuliza bei tena? Ni ileile."

Liz aliomba kuliona lile kopo likiwa tupu. Akatia mkono ndani. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kutoka nje, kikainuka ndani kama kichuguu. Akaanza kucheka. Joash naye akatia mkono, akaupapasa ule mwinuko taratibu, kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa.

"Mama! Hii chini imepanda!"

"Shusha sauti, nyathina, mwanangu," Mama Filister alinong'ona, akiwachungulia wateja. "Nikipandisha bei watanihama waende kwa jirani. Basi bei nimeiacha pale pale, nikapandisha sakafu. Na huyo jirani unafikiri hana nyundo?"

Mtu mwingine angekasirika. Joash alimeremeta. Alikuwa amesoma kurasa nyingi kuhusu bei zinazong'ang'ania mahali pamoja hata gharama zikipanda, na sasa alikuwa amezishika kwa mkono wake.

"Mama, wewe ni nadharia!"

"Mimi ni Msabato," alijibu Mama Filister.

Joash akaomba kuazima kopo hadi Alhamisi. Mama Filister akalikumbatia kifuani. "Gorogoro yangu iende chuo kikuu kusema mambo yangu, na mimi sipo? Haiwezekani. Ikienda, tunaenda wote." Kisha, baada ya kuwaza, akaongeza kwamba angeleta na lile kopo la zamani lenye kitako tambarare, ambalo siku hizi huwapimia wakwe zake tu.

Alhamisi ikafika. Joash alipanga meza mbele ya ukumbi: mizani, gunia dogo la mahindi, na nafasi ya makopo mawili. Jozi ya kwanza ilizungumza, ikaketi. Ya pili ikaanza kukusanya karatasi zake. Mama Filister alikuwa amepiga simu asubuhi akisema ameshaondoka Rangwe, amevaa nguo ya kwaya. Tangu hapo simu yake haikushikwa.

"Okari na Nyatichi," Daktari Mirumbe akaita. "Haya. Mfumuko wa bei umefika, au bado?"

"Daktari," Joash akasema, akisimama nyuma ya meza yake, "jibu letu liko njiani."

Idara nzima ikacheka. Liz hakucheka. Alikuwa mlangoni, amesimama kwa ncha za vidole vya miguu, akitazama pikipiki iliyokuwa inapunguza mwendo getini, na nyuma ya dereva nguo ya kwaya, na makopo mawili ya bati yakimetameta juani.